Mwaka Niliopendekeza Riwaya Vizuri Mno

Nikiombwa kupendekeza riwaya, nataja jina la kitabu na jina la aliyekiandika, kisha nanyamaza. Miaka yote niliyofundisha Kifaransa hapa Lubumbashi wanafunzi walinilalamikia kwa hilo, na sasa nimestaafu, mambo ni yaleyale. Juzi juzi vijana wa klabu moja ya wasomaji waliniomba niwachagulie riwaya za zamani ninazozipenda kuliko zote, na niwaeleze kwa maneno yangu kwa nini mtu wa leo ajisumbue kuzisoma. Niliwatumia majina kwa simu, basi. Jioni akanipigia kiongozi wao, kijana anayeitwa Trésor, mwenye heshima na mdomo kwa pamoja. "Mama Godé, pardon," akasema, "lakini ile bintu ulitutumia iko sawa karatasi ya munganga. Dawa hii, dawa ile, kunywa, kwisha. Utuambie hata kidogo, mule mu kitabu muko nini?" Nilicheka, nikamwambia asome, atajua. Sikumwambia kwamba nilipokuwa na umri wake hakukuwa na mtu mtaani kwetu, Katuba nzima, aliyenishinda kusimulia riwaya, wala kwamba kwa ufundi huohuo nilivunja nyumba ya watu na kumpoteza rafiki yangu wa pekee. Kwa wale waliokuwepo hilo si siri. Lakini wengi wao wamekwisha kwenda, na mimi nimebaki na haya zangu, nazo hazijazeeka.

Nimeanza kuandika sura hii ya maisha yangu kwa sababu wiki ileile ya simu ya Trésor nilipata simu nyingine. Alikuwa Papy, mdogo wake Vero, yule rafiki niliyempoteza; mimi bado namwona mtoto ingawa ana wajukuu. Aliniambia kwamba mama yake, Mama Vero, amefariki. Walikuwa wamemleta kutoka Mitwaba kwa matibabu, akalala nyumbani kwa Papy siku chache tu. "Kilio iko hapa kwangu, ku Katuba," Papy akasema. "Yaya Vero ameshafika. Aliuliza kama uko muzima." Nikajibu kwamba nitakuja. Kisha nikakaa jikoni. Mwanamke wa umri wangu, niliyewahi kusimamia mitihani mbele ya vijana wakorofi wa kila aina, naogopa kwenda kuwapa watu pole. Vero nilikuwa sijamwona tangu mwaka ule, na swali lililokuwa kati yetu lilikuwa moja tu: je, nilijua?

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari, na maisha yangu halisi yalikuwa katika chumba kimoja nyuma ya kanisa letu. Kilikuwa kirefu na chembamba, dirisha lake halifungi, na kilinuka nta ya mishumaa na unga wa mahindi, maana nusu yake ilikuwa ghala la chakula cha maskini. Nusu nyingine ilikuwa vitabu: makasha ya riwaya kuukuu za Kifaransa yaliyoachwa na mapadre waliorudi kwao, vitabu vinene vya karne zilizopita, vingi havina hata jalada. Aliyevitunza alikuwa Yaya Florence, yaani Dada Florence, fundi cherehani ambaye alikuwa hajaolewa, mwenye ulimi mkali na masikio makali zaidi. Yeye ndiye aliyeweka sheria. Ukirudisha kitabu ulichokipenda, Jumamosi unasimama mbele ya watu unakisimulia mpaka nusu, hapo unakoma, na kuanzia siku ile wewe ni marraine wa kitabu, mama yake wa ubatizo. Unakijibia. Mtu akikisoma mpaka mwisho akaona amepoteza muda wake, anakuja kwako kudai faini, nayo ilikuwa chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, tena uwe umelala ukachachuka vizuri. Kulikuwa na msichana mmoja, Clarisse, aliyependekeza riwaya ya mzee anayetengeneza saa na kuzungumza nazo. Alilipa munkoyo mpaka mama yake akaja kumlalamikia Yaya Florence kwamba mahindi ya nyumbani yanakwisha. Mimi sikuwahi kulipa hata chupa moja, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Siri ya ushindi wangu ilikuwa kuvalisha. Ndivyo tulivyoita. Wengi waliokuja Jumamosi hawakuwa wasomaji. Walikuwa kina mama wa jirani waliokuja na maharagwe yao ya kuchambua au nguo za kushona vifungo, na Kifaransa chao kilikuwa cha sokoni na cha misa. Ukisimama mbele yao ukaanza na yule bwana mwenye cheo na jina la kukunja ulimi, na ngome yake, na theluji yake, walikuwa wanasinzia. Kwa hiyo kitabu tulikivua nguo zake za huko na kukivalisha za hapa. Tajiri mwenye mashamba akawa mkubwa wa mgodi. Kasisi wa kijijini akawa abbé wa parokia jirani, anatembea na pikipiki. Mto ukawa reli. Theluji ilinishinda kwa muda mrefu, mpaka nikaifanya vumbi la mwezi wa nane, lile linaloingia hata katika sufuria iliyofunikwa. Na mambo yakaenda! Kina mama walilia kwa ajili ya wasichana waliokufa ng'ambo zamani kabla reli haijafika kwetu, wakawatukana waume zao kwa majina. Mpaka leo naamini hakuna mapendekezo bora kuliko yale. Kitabu cha zamani kinahitaji mtu wa kukishika mkono na kukiingiza ndani, na sisi tulijua kukiingiza.

Rafiki yangu Vero hakuwa msimuliaji. Alikuwa anasoma kimya na kwa hasira, kama anayegombana na mwandishi, na alipendekeza kitabu kimoja tu mwaka mzima, kwa maneno machache: "Kisomeni. Kinaumiza." Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, na nilikula kwao kuliko nilivyokula kwetu. Mama Vero alisonga bukari, ugali laini ambao sijaupata tena popote, na mboga ya lengalenga iliyopikwa na karanga, na samaki, maana samaki hawakukosekana pale. Baba Vero alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alipanda malori kwenda Pweto, kaskazini, na sabuni, sukari na vitenge, akarudi na magunia ya samaki ambayo harufu yake ilimtangulia mtaani. Alikuwa mtu wa maneno matamu na kicheko cha karibu. Mama Vero alimwongelea kama mtu anayemwongelea mgeni wa heshima: maji yake ya moto, kiti chake, mchuzi wake usiwe na chumvi nyingi. Mume akiwa safarini, Mama Vero alikaa mlangoni jioni na kuuliza wapita njia kama malori ya kaskazini yameingia. Sikuona kitu cha ajabu katika hilo. Niliona ni mapenzi, nami nilikuwa nimesoma mengi juu ya mapenzi.

Alhamisi moja nilimkuta Vero ukumbini anafunga mzigo wa baba yake, ambaye alikuwa anaondoka alasiri. Nikakaa juu ya gunia la sukari, nikaanza kumweleza riwaya niliyokuwa nimeimaliza asubuhi ile darasani chini ya dawati. Vero hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anapanga miche ya sabuni ndani ya mfuko mkubwa, na kati ya sabuni nikaona viatu vya mtoto, vya plastiki, vyekundu, vidogo kiasi cha kukaa viwili juu ya kiganja. "Papy atavaa ile rangi?" nikamtania, maana Papy, aliyekuwa mdogo wao wa mwisho, alikuwa na miaka tisa na miguu ya polisi. Vero akasema ni vya kuuzisha, akaongeza sabuni nyingine juu. Nikarudi kwenye riwaya yangu. Naapa kwa chochote unachotaka niapie kwamba sikufikiri kitu.

Riwaya yenyewe ilikuwa juu ya mfanyabiashara wa chumvi anayesafiri na mashua mtoni, ambaye mke wake anagundua siku moja kwamba juu ya mto kuna nyumba nyingine, mke mwingine, maisha mengine. Anagundua kwa sababu ya utepe wa nywele. Nilikuwa nimeipenda vibaya sana. Mwandishi alimfuata yule mke chumba kwa chumba baada ya kuuona ule utepe, anavyofuta meza ambayo imeshafutwa, na mimi chini ya dawati nilikuwa nashindwa kupumua. Jumamosi nilisimama nikiwa na hamu moja tu, kila mtu mle ndani akipende kitabu hiki kama mimi. Nikakivalisha. Chumvi, nani Katuba atalilia chumvi? Nikaweka samaki. Mashua nikaweka lori. Mji wa juu ya mto nikaweka Pweto, kwa sababu samaki hutoka Pweto, basi. Na nilipofika kwenye utepe nikaona hautoshi, utepe unaweza kuwa wa mtu yeyote. Nikatafuta kitu kingine kichwani mwangu, na kitu kilichokuwa karibu kikaja chenyewe.

"Bibi anamupangia bwana manguo ya safari," nikasema, sauti chini, maana nilijua wakati wa kushusha sauti. "Anaingiza mukono mu mufuko. Anatoa mule nini? Biatu. Biatu ya mutoto, ya plastique, nyekundu, kidogo hivi. Na mule mu nyumba yao, mutoto wa mwisho iko na myaka kenda!"

Chumba kilifanya kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. Kilikuwa kicheko, kicheko kikubwa cha wanawake wanaopiga mapaja, wengine wameficha nyuso katika vitenge vyao. "Godé, weye!" mmoja akapiga kelele. "Uko na roho nguvu!" Yaya Florence hakucheka. Alikohoa, akasema tuendelee, akanitazama kwa namna niliyoidhani ni wivu. Na mimi, niandike tu kama ilivyokuwa, nilijaa. Nilisimama pale nimejaa kama mtungi. Niliona sasa nimefika, nimewafanya watu wacheke na waumie kwa wakati mmoja, jambo ambalo wakubwa tu wanaliweza. Nilipokoma katikati kama sheria ilivyotaka, wakapiga makofi, na mikono minane au tisa ikanyooka kuomba kitabu, hata ya wasiojua kusoma.

Mama Vero alikuwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, lungo la maharagwe magotini. Yeye hakunyoosha mkono. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. "Na ule mwanamuke ingine, mwanangu, anaishi upande gani?"

"Pembeni ya soko ya samaki, mama," nikajibu mara moja, nikifurahi kupata msikilizaji anayefuatilia. "Fasi ingine ataishi wapi?"

Akaitikia kwa kichwa. Watu walipotoka akanipitia, akanishika mkono kwa nguvu kidogo, akasema, "Aksanti, mwanangu. Mungu akuchunge." Nilidhani ananishukuru kwa hadithi nzuri. Vero hakuwepo siku ile. Alikuwa amebaki nyumbani na homa, na jioni nilimpelekea chungwa na kumhadithia jinsi nilivyoshangiliwa. Sikumtajia viatu. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye makofi.

Juma lililofuata Mama Vero hakuwepo nyumbani. Vero alisema ameenda kuona ndugu mgonjwa, akapika yeye, na bukari yake ilikuwa na mabonge tukamcheka. Mimi nilitembea mtaani kichwa juu. Watu walinisalimu kwa jicho fulani, kina mama waliopita na ndoo waliniuliza, "Sasa ule wa samaki, ilifika wapi?" na kuanguka kicheko, nami nikawajibu kwamba wasome kitabu. Huwezi kujua ni mara ngapi nimeirudia picha hiyo, ya msichana mwembamba na kola yake nyeupe ya shule, anawaambia watu wasome kitabu, na mtaa mzima unajua anazungumza nini isipokuwa yeye. Ninapoikumbuka nikiwa peke yangu bafuni, nasema kitu kwa sauti, chochote, ili kuifukuza.

Mama Vero alirudi juu ya lori la mkaa, kijivu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kucha. Hakupiga kelele. Majirani walingoja kelele, wengine walikuwa wameshatoa viti nje, lakini hakuna aliyesikia kitu. Alioga, akapika, akawalisha watoto. Pweto si mji mkubwa, na mwanamke akiulizia nyumba ya mfanyabiashara fulani wa samaki anaonyeshwa. Ilikuwa pembeni ya soko. Kulikuwa na mke, na watoto wawili, na mdogo wao alikuwa anatembea uani na viatu vyekundu.

Asubuhi ya kesho yake Vero alinikuta bombani, nimeinama naweka ndoo. Wanawake wengine wakasogea nyuma, lakini si mbali.

"Uliyuaka?" akaniuliza.

"Kuyua nini?"

"Usinifanye mupumbafu, Godé. Mama aliniambia yote. Ulisimama mbele ya bantu, ukasema Pweto, ukasema samaki, ukasema biatu. Mpaka myaka ya Papy ulisema! Banacheka, na mama iko pale anashika maharagi yake."

"Ilikuwa kitabu, Vero. Nilivalisha kitabu."

"Kitabu." Alikuwa halii, na hilo lilinitisha zaidi. "Ungeniambiaka mimi. Mimi moja, chini-chini, sawa muntu na rafiki yake. Weye ulichagua makofi."

Nikasema sikujua. Nilisema mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ndoo inamwagika juu ya miguu yangu. Na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoanza kujisikia mwongo, kwa sababu viatu nilikuwa nimeviona kweli, na nilivitoa kwao kweli. Kama sikujua, vilifikaje mdomoni mwangu? Vero aliondoka bila maji. Wanawake wakanifungulia njia, na mmoja wao akanipigapiga bega kama mtu anayempongeza mwenzake.

Yaya Florence ndiye aliyenieleza, mle chumbani, akiwa ameketi juu ya gunia la unga. Mtaani kwetu, alisema, na nilipaswa kulijua hilo mimi niliyezaliwa pale, mtu hakuambii uso kwa uso kwamba mumeo ana nyumba nyingine. Anakuja kukaa kwako, anakusimulia habari ya mwanamke mmoja wa mtaa wa mbali, mume wake anasafirisha hiki na kile, na wewe unasikiliza, unamshukuru, unamsindikiza mpaka barabarani. Ndivyo habari nzito zinavyofika. "Ile ya Baba Vero sisi bote tuliyuaka," akasema. "Myaka mingi. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumuambia. Sasa ukasimama weye na hadisi yako ya Pweto. Tulizani na weye unayua. Tulichoshindwa kuyua ni kama uko na roho mubaya ao uko na roho nguvu." Nikamuuliza ananiona nina ipi. "Sasa naona hauko na hata moja," akasema. "Ulikuwa unasikia kitabu tu."

Sijawahi kusemwa hivyo na mtu, kabla wala baada. Nilikuwa nimekula katika nyumba ile mwaka mzima. Nilijua chumvi ya mchuzi wao. Niliweza kulia kwa ajili ya mke wa mfanyabiashara wa chumvi anayefuta meza yake, na mwanamke aliyekuwa anafuta meza mbele yangu, akiulizia malori kila jioni, sikumwona. Hiyo ndiyo haya yangu hasa. Watu hudhani naona haya kwa sababu nilisema. Hapana, naona haya kwa sababu sikujua, na kila mtu alijua.

Mama Vero hakumngoja Baba Vero arudi. Alifunga vyombo na kuchukua watoto wote kwenda kwao Mitwaba kulima, na Vero akaenda naye, majuma machache kabla ya mtihani wa serikali ambao tuliusomea pamoja kwa taa moja. Yeye ndiye aliyekuwa na akili kati yetu. Walimu walisema hivyo waziwazi. Niliwaona wanapanda lori, mimi nikiwa upande wa pili wa barabara nyuma ya kibanda cha mkaa, kwa sababu sikuwa na uso wa kuvuka. Vero alikuwa amempakata kuku. Hakugeuka. Nilifanya mtihani, nikafaulu, na siku matokeo yaliposomwa redioni nilijifungia ndani nikilia mpaka nyumbani wakadhani nimeshindwa. Baba Vero alihamia Pweto moja kwa moja, na huko akafa. Chumba cha nyuma ya kanisa kiliendelea kidogo. Yaya Florence alikataza kuvalisha, akasema kila mtu apendekeze kitabu kama kilivyoandikwa, na kina mama wakaacha kuja mmoja mmoja. Kufikia Krismasi tulibaki wasomaji wanne na Clarisse na mzee wake wa saa. Nami nikawa mwalimu anayetaja jina la kitabu na kunyamaza.

Kwa Papy nilifika alasiri. Wanaume walikuwa nje chini ya bâche, yaani turubai, wanawake ndani wameketi juu ya mikeka, samani zimetolewa. Nilivua viatu mlangoni. Nilimtambua Vero mara moja kwa namna alivyokaa, mgongo wima kama anayesoma kitu asichokikubali. Kichwa chake kimekuwa cheupe, na mikono yake ni ya mkulima. Nikapiga magoti mbele yake nikampa pole. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, tukakaa bega kwa bega, kama inavyotakiwa.

Baada ya muda akaanza, bila kunitazama. "Mama alikuombeaka kila siku. Uliyua?"

Nikasema sikujua.

"Alisemaka: Katuba muzima bananiona sawa mupumbafu, banacheka. Mutoto mumoja tu njo aliniona muntu ya kuambiwa. Alisimama mbele ya bote." Vero alivuta kitenge chake. "Mpaka juzi, mu kitanda, alisema vile."

"Vero, sikuyuaka," nikasema. "Nilikuambiaka ku bomba. Sikuyua kitu."

"Nayua." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Niliyua siku ileile ya bomba. Mi njo niliweka bile biatu mu mufuko. Baba alinipatia, alisema funika. Sikuuliza, lakini niliyua ni ya nani, tangu zamani niliyua. Na nilimuona mama kila jioni pa mulango, sikumuambia." Akangoja mwanamke mmoja apite mbele yetu na ndoo ya maji. "Muntu wa kukasirikia alikuwa mimi. Nikakuchukua weye. Ulikuwa karibu."

Nilitegemea kupumua, nitue mzigo, lakini hakuna kilichotua. Nilimwona msichana aliyeinama juu ya mzigo wa sabuni akifunika viatu vya ndugu yake asiyemjua, na mimi pembeni yake napiga kelele juu ya riwaya. Nilikuwa rafiki yake wa pekee. Kama ningefunga mdomo kidogo siku ile na kumtazama usoni, labda angeniambia. Nikamshika mkono, akaniachia. Nikauliza kama mama yake aliwahi kuambiwa ukweli, kwamba kilikuwa kitabu tu. "Hapana," Vero akasema. "Nimuondolee nini tena?"

Wakati wa kula ulipofika waliingia wasichana na sinia. Mmoja, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye macho ya Mama Vero, akaweka bukari mbele yetu na kutaka kuondoka. Vero akamshika nguo. "Huyu ni mutoto yangu wa pili, ni muuguzi kule Mitwaba," akaniambia. "Kambo yake, mama yangu, njo alimupatia jina yako." Akamwambia binti, "Godé, ile Godé mwenyewe, njo huyu."

Yule binti akajitupa magotini, akanishika mikono yote miwili. "Ni weye, mama?" Macho yalikuwa yamemjaa. "Kambo alitusimuliaka mambo yako, banyumba bote tunaiyua. Kule ku kazi, kama kuko jambo ya kweli na bote banaogopa kuisema, mi nafikiriaka weye, na ninasema. Hata kama ninatetemeka." Wanawake waliokuwa karibu waligeuka kunitazama, na mmoja wao, mzee kuliko mimi, akainamisha kichwa kwa heshima.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, fupi, ni "sikujua" lilelile nililolisema bombani. Vero akanibana kwa kiwiko chini ya kitenge, si kwa nguvu, na aliponitazama hakukuwa na hasira machoni pake, alikuwa ananiomba. Nikaufunga mdomo. Nikaiacha mikono yangu ndani ya mikono ya yule binti, nikamwambia yeye pia aendelee kuwa na roho nguvu, na niliona haya kuliko siku yoyote ya mwaka ule.